Ruta Yangu, DNS, na Jirani Niliyemsingizia

Najua nimepotea. Wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika, nami nawajibu hapana, ni kazi tu iliyonimeza. Leo nimerudi na kisa cha intaneti ya nyumbani kwangu. Ni kisa cha kiufundi, na mwenye haraka anaweza kuruka hadi kwenye hatua nilizoziorodhesha karibu na mwisho. Lakini ndani yake yumo mtu niliyemkosea, na sehemu hiyo naomba usiiruke.

Kwanza niwape mazingira. Naishi Uthiru, ghorofa ya kwanza, si mbali na barabara ya Waiyaki. Siku mbili kwa wiki niko ofisini katikati ya jiji, siku zilizobaki naandika programu nikiwa nyumbani. Intaneti inaingia kwa waya wa faiba hadi kwenye kisanduku cha kampuni. Nyuma ya kisanduku hicho nimeunganisha ruta yangu mwenyewe, ya mtumba, niliyoinunua Luthuli Avenue na kuiwekea OpenWrt. Sababu ya kufanya hivyo ni majivuno tu. Mtu aliyesomea kompyuta chuo kikuu miaka minne huona aibu kutumia ruta aliyopewa bure.

Nyumba iliyo chini yangu anakaa mama mmoja anayeuza mboga pale langoni, pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwaka jana: wao wanachanga shilingi 500 kwa mwezi, mimi nawapa nenosiri la waifai. Mpango mzuri, na nikichelewa kurudi naachiwa sukuma iliyokatwakatwa tayari.

Sasa, miezi michache iliyopita intaneti ikaanza kukatika. Si mchana, bali jioni. Ikifika saa moja na dakika chache, kurasa zinagoma kufunguka, kivinjari kinaniambia tovuti haipatikani. Dakika tano baadaye inarudi. Dakika kumi baadaye inapotea tena. Kufikia saa tatu usiku kila kitu ni shwari kana kwamba hakuna lililotokea. Nilizima ruta nikaiwasha, nikazima kisanduku nikakiwasha. Nikapiga simu kwa kampuni, nikaambiwa kwamba upande wao hakuna tatizo lolote. Nikawajibu kwa ukali, jambo ambalo sasa linanitia haya, maana walikuwa wakisema kweli.

Alhamisi moja nilikuwa na kazi ya kukabidhi kwa mteja aliye Ulaya. Nikashindwa kuipeleka kwa zaidi ya saa nzima. Mteja akaniandikia barua pepe fupi yenye adabu nyingi, zile barua ambazo adabu yake inakuambia kwamba mkataba wako unayumba. Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiuliza: jioni nani mwingine anatumia intaneti hii? Jibu likawa jepesi mno. Binti wa chini. Vijana wakimaliza shule wanafanya nini jioni? Wanapakua sinema.

Ijumaa usiku nikabadilisha nenosiri. Sikumwambia mtu.

Jumamosi jioni intaneti ilikwenda kama maji ya mto Tana. Jumapili vilevile. Nikajipongeza. Jumapili mama alinipigia hodi akauliza kama waifai ina shida, nikamwambia kuna matengenezo. Ndiyo, nilidanganya. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumweleza binti yake kuhusu matumizi mazuri ya data, nikawa naahirisha.

Jumatatu, saa moja na dakika nne jioni, intaneti ikapotea.

Nilikuwa kwenye simu ya WhatsApp na mwenzangu wa kazi aliye Kampala. Nikamwambia, "Samahani, ngoja kidogo, intaneti yangu imeenda." Akacheka akasema, "Imeenda? Na hayo unaniambia kwa njia gani?" Nikacheka pia. Sikulifikiria zaidi.

Jumanne baada ya kazi nikashuka Luthuli Avenue kununua waya mpya na chaja ya ruta, kwa imani kwamba umeme wa ruta ni dhaifu. Yule fundi ninayemzoea pale, mzee mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango, akaniuliza, "Boss, shida ni gani?" Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Ikipotea, simu uliyokuwa unapiga kwa WhatsApp inakatika?"

Nikanyamaza. Nikakumbuka Kampala.

"Haikatiki, mzee."

"Basi waya ni mzima. Usinunue waya."

Nilipanda matatu kurudi nyumbani nikiwa na aibu. Foleni ya Westlands mnaijua, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza. Kama mazungumzo yanaendelea, basi njia haijakatika. Pakiti zinatoka Uthiru na zinarudi. Kinachoshindikana ni kuanzisha safari mpya. Na safari mpya huanza na swali moja: jina hili, namba yake ni ipi? Yaani DNS.

Kwa wale wasioijua, DNS ni mfumo wa majina ya vikoa. Sisi tunakumbuka majina, kompyuta zinasafiri kwa namba. Ukiandika kenic.or.ke, lazima kwanza ipatikane namba ya IP ya jina hilo. Zamani majina yote yalikuwa ndani ya faili moja lililotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila mwenye kompyuta kwenye mtandao akilinakili. Mtandao ulipokua, faili likawashinda. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambamo hakuna anayebeba orodha nzima.

Fikiria umeshuka Kangemi ukitafuta nyumba ya mtu. Hakuna anayejua njia yote. Mtu wa stejini anakupeleka kwa vijana wa boda, kijana wa boda anakupeleka kwenye duka fulani, na mwenye duka ndiye anayeujua mlango. DNS ni hivyo hivyo. Seva za mizizi zinajua ni nani anayeshika .ke. Kikoa hicho cha nchi yetu kilianzishwa mwaka 1993, na KENIC, iliyoundwa 2002, ndiyo inayokisimamia. Wao nao wanajua ni seva gani inayoshika jina unalotafuta. Seva hiyo ya mwisho ndiyo inayoijua namba.

Simu yako haizunguki kuuliza hayo yote. Inaiuliza ruta. Ruta inapeleka swali kwa seva ya kampuni ya intaneti, na seva hiyo ndiyo inayozunguka. Ruta ni kama bawabu tu: inapokea swali, inalituma, inasubiri, jibu likija inalikabidhi kwa mwenyewe. Shikeni hapo kwenye kusubiri, maana ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa.

Jumatano nikajiandaa mapema. Ilipofika saa moja na intaneti "ikakatika", niliandika:

ping -c 20 8.8.8.8

Majibu yote ishirini yalirudi. Hakuna pakiti iliyopotea hata moja. Kisha nikauliza jina kupitia ruta yangu:

nslookup kenic.or.ke 192.168.1.1

Likakataliwa. Nikauliza jina lile lile moja kwa moja kwa Google, bila kupitia ruta:

nslookup kenic.or.ke 8.8.8.8

Jibu likaja papo hapo. Kwa hiyo waya mzima, kampuni nzima, dunia nzima iko sawa. Mgonjwa ni ruta yangu, ile ya majivuno.

Hapa ndipo watu wengi huishia. Wanaweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye kompyuta, mambo yanakwenda, kwisha habari. Nami ningeweza kufanya hivyo. Lakini hiyo ni sawa na kumeza Panadol: maumivu yanaisha kwako, ugonjwa unabaki, na kila simu nyingine ndani ya nyumba inaendelea kuumia. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaingia ndani ya ruta nikasoma kumbukumbu zake:

logread | grep dnsmasq

Mstari mmoja ulikuwa umejirudia kurasa na kurasa. Ulisema kwamba idadi ya juu ya maswali ya DNS kwa wakati mmoja imefikiwa, na kwamba kikomo ni 150.

Programu inayofanya kazi ya bawabu ndani ya OpenWrt inaitwa dnsmasq. Kwa kawaida yake inaruhusu maswali 150 tu yawe yanasubiri majibu kwa wakati mmoja. Jibu likichelewa, swali linashikilia nafasi yake hadi sekunde kumi hivi kabla ya kutupwa. Nafasi zote 150 zikijaa, swali la 151 halipokelewi, hata liwe la nani. Majina ambayo ruta imeyahifadhi kutoka awali bado inayajibu, ndiyo maana jioni zile Google ilifunguka lakini tovuti ya benki ikagoma. Nilikuwa nimeliona hilo wiki nzima nikalipuuza.

Nyumba ya watu watatu haiwezi kuuliza maswali 150 kwa mpigo. Nani huyo anayeuliza? Nikaiambia dnsmasq iandike kila swali na anayeuliza. Maandishi yakaanza kushuka kama mvua ya Aprili, na karibu yote yalitoka anwani moja: 192.168.1.14.

Nikasema moyoni, nimemshika. Anwani hiyo sikuitambua. Nenosiri nimebadilisha, kwa hiyo huyu ni mwizi kamili. Nikafungua orodha ya mashine zilizopewa anwani na ruta:

cat /tmp/dhcp.leases

Mbele ya 192.168.1.14 palikuwa na jina la mashine: kabatini.

Kabatini ni laptopu yangu ya zamani, ile ya chuo, yenye kioo kilichopasuka. Iko juu ya kabati la nguo. Mimi ndiye niliyeipa jina hilo, kwa mkono wangu.

Niwaeleze ilivyokuwa. Yule mteja wa Ulaya ana hifadhi ya makala za zamani, na ndani ya makala hizo mna viungo zaidi ya 11,000 vya kwenda tovuti nyingine. Aliniomba niandike skripti ya kukagua ni vipi bado vinafanya kazi. Nikaiandika mchana mmoja. Nikaiweka kabatini, ikaanze yenyewe saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, muda ambao ofisi ya mteja imefungwa. Na kwa kuwa nilitaka imalize haraka, nikaiambia ikague viungo 200 kwa wakati mmoja. Kisha nikasahau kwamba ipo.

Jumatatu hadi Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili mambo yalikuwa shwari. Nenosiri halikuhusika hata kidogo.

Kilichofanya mambo kuwa mabaya zaidi ni umri wa viungo vyenyewe. Tovuti za miaka mingi iliyopita nyingi zimekufa, na kuna namna mbili za kufa. Kikoa kilichofutwa kabisa si tatizo; ukiuliza, unajibiwa haraka kwamba jina hilo halipo. Tatizo ni kikoa ambacho jina bado lipo lakini seva zake za DNS hazijibu tena. Ni kama kuelekezwa kwenye duka lililofungwa: unabisha, unangoja, unabisha tena. Zaidi ya hayo, kila jina huulizwa mara mbili, mara moja kwa anwani ya IPv4 na mara moja kwa ya IPv6. Kazi 200 zinaweza kuzaa maswali 400, na nafasi ni 150. Orodha yangu ilipangwa kwa miaka. Skripti ikifika kwenye miaka yenye maiti wengi, ruta inajaa na nyumba nzima inapotea. Ikivuka, tunapumua. Kila jioni mawimbi yale yale.

Kuongeza kikomo kutoka 150 hadi 1,000 ni mstari mmoja tu, na nilishawishika. Lakini hilo ni kupanua chumba cha kungojea bila kupunguza umati. Badala yake nilifanya haya. Kwanza, skripti sasa inakagua viungo 8 kwa wakati mmoja. Pili, inauliza kila kikoa mara moja na kukumbuka jibu, maana viungo 11,000 vilikuwa vya vikoa 2,000 na kidogo tu. Tatu, kabatini nimeiwekea unbound, programu inayozunguka kuuliza yenyewe, ili isimsumbue bawabu wa nyumba. Nne, inaanza saa saba usiku. Kazi iliyokuwa ikichukua saa mbili za fujo sasa inachukua muda unaokaribia huo huo bila fujo yoyote. Haraka yangu haikuniokolea hata dakika za maana.

Kwa anayepatwa na tatizo kama hili, fuata mpangilio huu kabla ya kumlaumu mtu:

1. Intaneti "ikikatika", angalia kama simu au video iliyokwisha kuanza inaendelea. Ikiendelea, njia ni nzima.
2. Piga ping kwa namba, si kwa jina. Namba ikijibu na jina likikataa, ni DNS.
3. Uliza jina kupitia ruta, kisha kupitia seva ya nje. Ukilinganisha utajua mgonjwa ni nani kati ya ruta na kampuni.
4. Soma kumbukumbu za ruta kama inakuruhusu. Tazama ni mashine gani inayouliza zaidi, na anza na zako.

Tofauti hii kati ya njia kukatika na majina kupotea si ya nyumbani tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Afrika Mashariki ilipungukiwa na njia yenyewe. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotoweka kwa saa sita hivi, mitambo yao ilikuwa ikifanya kazi. Badiliko lililokosewa kwenye mtandao wao wa ndani liliziondoa seva zao za DNS kwenye ramani ya intaneti. Hapa kwetu ilikuwa jioni, na mimi nakumbuka nikizima simu na kuiwasha. Tarehe 20 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Amazon: mfumo wao wa kujiendesha uliacha rekodi ya DNS ya huduma moja ya hifadhidata ikiwa tupu kule Virginia, na huduma nyingi duniani zikaanguka nayo. Hata wakubwa wale, mwenye kosa alikuwa ndani ya nyumba.

Sasa ile sehemu niliyowaomba msiiruke.

Alhamisi jioni nilishuka chini nikiwa na nenosiri jipya kwenye karatasi. Mama alikuwa akichambua managu. Nikamweleza kwamba hakukuwa na matengenezo yoyote, kwamba nilidhani binti yake ndiye anayemaliza intaneti, na kwamba aliyekuwa akiimaliza ni mimi. Binti alikuwa amekaa kwenye kitanda akisikiliza.

Hakuwa akipakua sinema. Jioni zile alikuwa akijaza maombi ya ufadhili wa masomo, mawili, na yote yalikuwa yanafungwa Jumapili ile usiku. Nilipomkatia, Jumamosi alikwenda saiba Kangemi akalipa, akamaliza ombi moja. La pili lilihitaji barua ambayo mwalimu wake alimtumia Jumapili. Saiba ilikuwa imefungwa. Alijaribu kwa simu ya mama yake, kwa data ya shilingi 50, ikaisha kabla faili halijapanda.

"Moja liliingia, kaka," aliniambia. "Lile lingine basi."

Sikuwa na la kusema. Kosa la skripti nililirekebisha kwa mistari michache. Hili halina amri ya kulirudisha nyuma. Nilisema samahani, nikasema hawatachanga tena mwaka huu, na nikajitolea kumsaidia na maombi yatakayofuata. Tayari tumejaza moja pamoja, na anaandika vizuri kuliko mimi.

Mama hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Kijana wangu, si ungeuliza tu?"

Nimeandika hapa hatua nne za kutafuta tatizo, na zote ni za kweli. Lakini ile ya mama ilikuwa ya kwanza, haihitaji digrii, na ndiyo niliyoiruka.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Tuonane siku nyingine, Mungu akipenda na ruta ikiruhusu.